Wimbo wa Njoroge Niliuanza Mimi

Wanjiru, mwalimu wangu wa historia,

Hapa Ziwani tu wazima, na goti la nyanya yako limepoa. Unauliza kama nimeona ulichoandika mtandaoni kuhusu vita vya Mau Mau. Nilisomewa. Mbona picha ni ya Njoroge, jirani tu, eti ndiye aliyeanza wimbo, na mimi babu yako nipo?

Siku ile tukiwa wadogo, askari walipotukalisha sote uwanjani juani, wimbo niliuanza mimi. Njoroge aliitikia tu! Jana nikamwendea, nikamwambia hivyo usoni.

Akacheka. "Haya, imba basi, bingwa."

Nikaimba mstari wa kwanza, nikakwama. Akaitikia, na wa pili ukanijia. Tukaumaliza wote, nyanya yako akilia mlangoni.

Basi andika upya, utuweke wawili. Mimi mbele.

Ni mimi babu, guka wako, mwenye sauti.