Gemu Moja, Maboksi Kumi na Manne

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mumeo na wanangu wote wawili. Natumaini goti limepata nafuu na ule mkanda wa daktari unauvaa, hukuusukumia uvunguni kama ninavyokujua. Sisi huku ni wazima wa mwili. Akili ya kaka yako ndiyo sina uhakika nayo, na kwa kuwa umeniuliza mwenyewe, nitakueleza.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umesema baba mdogo ameitisha kikao cha familia Jumapili hii kwa ajili ya Mama, maana ameanguka bafuni mara ya pili na daktari amesema asiishi peke yake tena. Umesema kaka yako kila akiulizwa anajibu kwamba chumba chetu cha nyuma kimejaa magemu, hakuna pa kuweka kitanda. Na umeniomba mimi ninayeishi humo niandike ninayoyaona kwa macho yangu, yasomwe mbele yake, pengine aibu itafanya kazi ambayo maneno yameshindwa. Wifi, kazi hiyo umempa mwenyewe hasa.

Kwanza niwarekebishe. Kaka yako hakusanyi magemu. Anakusanya gemu. Moja! Ni lile lile la kaseti mlilokuwa mkigombania pedi ya kuchezea mkiwa wadogo, la kijana mwenye upanga wa mbao anayezunguka dunia nzima kumtafuta dada yake aliyegeuzwa jiwe, na njiani anaingia nyumba za watu bila hodi, anawafungulia makabati na kuchukua dawa zao. Analo hilo mara kumi na nne. Sitii chumvi, nimeyahesabu nikiyafuta vumbi.

Lipo la kwanza kabisa, lenye boksi la kijivu, ambalo Mama aliwanunulia. Lipo la pili, ambalo ni lile la kwanza ndani ya boksi la buluu. Lipo ambalo mchoraji alikosea akamshikisha kijana upanga mkono wa kushoto, na kwa kosa hilo la mtu mwingine kaka yako analibeba kama mtoto mchanga. Lipo la lugha ambayo hajui hata herufi yake moja. Nilipomuuliza atalichezaje, alinitazama kama mimi ndiye niliyepungukiwa. Lipo la sidii, lililochorwa upya, kila mtu humo sura imekuwa laini kama kajipaka mafuta kupita kiasi. Lipo la kuadhimisha miaka ishirini, lenye ramani ya kitambaa. Mimi nakata vitambaa vya sare kutwa nzima, na nakuapia ile ramani hata pindo haina. Na juu kabisa, peke yake, lipo lililofungwa kwa nailoni ya kiwandani, halijafunguliwa tangu litengenezwe. Hilo ndilo mfalme wao. Yaani thamani yake yote ni kwamba halijawahi kuchezwa! Ningekuwa na sufuria ya namna hiyo ungeniita mwendawazimu.

Wala usidhani anacheza hayo mengine. Mashine iko chini ya rafu, waya wake umefungwa fundo. Mwanaume mzima, fundi wa lifti, watu wanamwamini awapandishe ghorofa kumi na mbili, akirudi kazini anavua viatu, anaingia chumba cha nyuma na kupanga maboksi. Wiki hii kwa mwaka, wiki ijayo kwa rangi. Siku moja nilimkuta amesimama tu katikati ya chumba, mikono mfukoni, anayaangalia. Nikamuuliza kama yamemwamkia. Akacheka, akazima taa, akatoka.

Mwenzake ni daktari mmoja wa meno, ambaye kliniki yake iko kwenye jengo ambalo kaka yako anatunza lifti. Huyo ndiye aliyemwambukiza. Anakuja Jumamosi na boksi jipya chini ya kwapa, amevaa glavu zile zile za kung'olea watu meno, wanajifungia humo ndani, nasikia wanacheka. Chai nawapelekea mimi. Nikiiweka mezani wananiambia niisogeze mbali, mvuke si mzuri kwa makaratasi. Hebu fikiria! Mvuke wa chai yangu!

Na mwezi uliopita Mama alipopiga simu nilimsikia kaka yako kwa masikio yangu, simu ikiwa kwenye spika, akimwambia kwa sauti ya upole kabisa avumilie kidogo, ni yeye na upuuzi wake, chumba kimejaa magemu. Hana hata haya. Mama akacheka, akamwambia mwanangu hujakua bado. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko, nikasonya mpaka jirani akauliza kuna nini.

*

Hapo juu ndipo nilipoishia Jumanne. Tusi la kumalizia nilikuwa nimeshalipata, tena zuri. Lakini jana Jumatano nilifanya jambo, na leo Alhamisi nimekaa na kalamu, lile tusi sijui nimpe nani.

Nilichofanya ni hiki. Kaka yako alipotoka kwenda kazini nilipanda kwenye kiti, nikachukua lile la nailoni, nikalitia mfukoni mwa aproni yangu, nikaenda nalo kliniki. Nia yangu daktari alinunue, nami ninunue kitanda cha Mama, nikiweke katikati ya mlango wa chumba kile, tuone kaka yako atapitia wapi.

Daktari alilipokea, akalitikisa sikioni, akatabasamu, akaniuliza ina maana mume wangu hajaniambia mpaka leo. Akasema humo hamna kitu. Kuna kipande cha kadibodi tu, na nailoni aliifunga mwenyewe pale kliniki. Akanieleza kwamba miaka miwili iliyopita kaka yako, akitengeneza lifti, aliona stoo yake na kumwomba maboksi matupu. Daktari ndiye mkusanyaji wa kweli, anayo ya ziada. Yaliyopungua wakayachapa kwa printa ya mapokezi, ndiyo maana yule kijana ana upanga mkono wa kushoto, picha iligeuka. Kaka yako alitaka yote yawe ya gemu moja. Alisema mtu mwenye vitu vingi tofauti ataambiwa apunguze, lakini mwenye kitu kimoja mara kumi na nne watu watasema ni ugonjwa, watamwacha. Daktari akamuuliza mtu asiyecheza anataka maboksi ya nini. Akajibiwa kwamba nyumbani kuna chumba ambacho lazima kionekane kimejaa.

Daktari alikuwa akinisimulia huku anacheka, akidhani ni utani wa mke na mume. Mimi nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa. Akaniuliza kama nina jino linaloniuma.

Nilirudi nyumbani nikayapasua yote. Katika kumi na manne, lenye gemu ni moja tu, la kijivu.

Wifi, sasa nisikilize vizuri. Mama alipoanguka mara ya kwanza, kaka yako aliniomba tumchukue. Chumba kile kilikuwa kitupu, kina pasi na kamba ya nguo basi. Nikakataa. Nilikumbuka zile wiki mbili alizokaa kwetu, alivyonipangia upya jiko langu na kuniuliza kila jioni kama chakula hicho ndicho mwanawe anachokula siku zote. Nikamwambia kaka yako Mama akiingia, mimi natoka. Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Hakubishana. Alisema sawa. Wiki ile ile akaleta rafu.

Nilidhani amenuna, anajiliwaza. Na mlipoanza kuuliza, hakuwaambia mke wangu hataki. Aliwaambia ana magemu. Ninyi mkamcheka, na mimi nikacheka pamoja nanyi kwenye simu, nikaongeza na yangu, mpaka nikasahau nilichosema, au nilijifanya nimesahau, sijui. Kurasa zote hizo hapo juu niliziandika nikijiona mkwe mwema. Najichukia nikizisoma. Hakuna mtu nimemdharau kama yeye, na kosa lilikuwa langu.

Jana aliporudi alikuta maboksi yamechanika mezani. Akayaangalia, akaniangalia, akaniuliza kama nimekula. Basi, hilo tu. Nikamwambia alete bisibisi tushushe rafu. Akaniuliza nina hakika, nikalia, nikamwita mjinga, kwa nini hakugombana na mimi kama watu wanavyogombana? Akasema aliona Mama akimwona yeye mtoto atamsamehe, lakini akijua mimi nimemkataa hatasahau. Bado namwona mjinga, wifi. Lakini rafu tumeshusha pamoja.

Ningeweza kuchana kurasa za kwanza nikaandika upya. Nimeziacha makusudi. Jumapili naomba baba mdogo aisome barua hii yote mbele ya watu, tangu salamu, na matusi yangu yote, kaka yako akiwa amekaa hapo hapo. Mkifika pale nilipokwenda kliniki atasimama na kusema imetosha. Msimsikilize, endeleeni kusoma.

Halafu mumuulize Mama kama atakubali kuja kwa mtu aliyemkataa. Chumba kiko tayari. Akisema hapana, msimlazimishe, na asilaumiwe mwanawe.

Barua nampa mwenzangu wa kiwandani anayesafiri kesho, itakufikia Jumamosi. Nisalimie mumeo, wabusu wanangu, na goti ulitunze. Jumapili mimi sitakuja, sina uso wa kukaa hapo.

Ni mimi wifi yako,
mke wa kaka yako.