Mama Ni Nengah Rundi, Aliyenyamazisha Ngoma

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka ukiwa na miaka sabini na tatu. Wanafunzi wako wa densi bado wananyoosha mgongo wakisikia mtu anakohoa kama wewe.

Ulikuwa mkali, tusidanganyane. Ulitafuna tambuu, ukapiga ngoma, ukawakunja viwiko mabinti wa mtaa mzima hadi wakalia. Kisha ukawagawia keki za mchele.

Mjukuu wako Komang, binti yangu, alikuwa na miaka sita wakati ule. Alizaliwa na madoa ya rangi ya kahawa mgongoni, tukasema ni bibi yako aliyezaliwa tena kwetu. Jicho lake la kushoto lilipoanza kuchezacheza, tulifurahi. Kwetu Bali mchezaji husifiwa kwa jicho linaloruka pembeni kufuata ngoma. Zilibaki siku nne acheze hekaluni.

Ukainyamazisha ngoma katikati ya mazoezi.

"Mimi nimeacha kupiga. Mbona jicho bado linacheza?"

"Mama, mtoto ana kipaji!"

"Kipaji gani hakimsikilizi mpigaji? Na kichwa anakiinamisha upande hata akila. Twende hospitali."

Nikakuambia una wivu na mtoto. Ulimvua taji, ukampakia kwenye pikipiki ya jirani, mkaondoka. Neno lile linanichoma mpaka leo.

Kule Denpasar daktari alitazama madoa kabla ya jicho. Akasema ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, na watoto wa namna hii huweza kuota uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, karibu na ubongo, bila kichwa kuuma wala kutapika. Jicho lisilotulia na shingo iliyopinda ndizo dalili zilizotangulia. "Mngengoja sherehe iishe, na nyingine..."

Dawa zilichukua mwaka na nusu. Ulikaa kando ya kitanda ukimgongea mdundo kwenye bakuli.

Uvimbe umesimama, lakini jicho lile linaona kidogo tu. Picha nyingine ya kichwa ni keshokutwa, na ninaogopa.

Jana Komang alikuchezea hekaluni. Ngoma nilipiga mimi, vibaya. Katikati nikaacha. Nikalitazama jicho lake.

Jicho lilitulia, Mama.

"Bibi angesema mkono wako umelegea," Komang akaniambia.

Unakumbukwa na mwanao I Nyoman Suteja, mkweo Ni Putu Lastri, mjukuu wako Komang Astiti, na mabinti wote uliowaliza. Daima tutakukumbuka, na zaidi kila ngoma inaponyamaza.