Bendera Ilivyoshuka Sibwesa

Shanwe, Mpanda
2 Februari 1997

Mdogo wangu Seleman,

Assalaam aleikum. Sisi wazima, kikohozi cha binti yangu Kauthar kimeisha. Wewe je, homa imekuachia?

Abiria wanaotoka huko wanasema hapo Sibwesa wakulima na wafugaji nusura wakatane mapanga, na wewe mtendaji wa kijiji hakuna anayekusikiliza. Eti kazi unayoiweza ni kupandisha bendera asubuhi na kuishusha jioni! Kitambaa kitakusaidia nini? Rudi dukani kwangu kabla hawajakuumiza.

Dada yako,
Mwanaiddi

Sibwesa
20 Machi 1997

Dada Mwanaiddi,

Waaleikum salaam. Homa imekwisha, na leo nina furaha tele.

Jana jioni walikuja ofisini wote: Dieudonne na wakulima wenzake wenye asili ya Burundi, na mzee Kashinje na wafugaji wake wa Kisukuma. Dieudonne anadai ng'ombe wamemaliza mahindi yake. Kashinje akafoka, "Ng'ombe wangu hawajawahi kukanyaga shamba la mtu! Nyie mnanionea tu!" Mapanga yakainuliwa, fimbo zikainuliwa. Saa kumi na mbili ilikuwa imefika. Nikapuliza filimbi ya bendera.

Dada, wote wakaganda! Filimbi ile hata mtoto anaijua: unasimama wima, unanyamaza hadi bendera ikunjwe. Nikaishusha taratibu, makusudi kabisa. Katika ukimya ule tukasikia mabua yanavunjika. Ng'ombe mwekundu wa Kashinje yumo shambani kwa Dieudonne, pale pembeni mwa ofisi, anatafuna. Yeye bendera haimhusu! Mzee anamwona, sisi tunamwona, na hakuna wa kusogea.

Nilipomaliza kuikunja, Dieudonne ndiye aliyeanza kucheka. Kashinje akavua kofia. "Huyo wangu. Nimeshindwa." Atalipa mahindi, na wakulima wamekubali kuacha njia ya mifugo kwenda mtoni.

Niliogopa sana, sikufichi. Lakini watu wale hawaelewani kwa lugha wala kwa mipaka, na kwa kitambaa hicho walisimama pamoja.

Mdogo wako,
Seleman

Shanwe
2 Aprili 1997

Bwana Mtendaji, mdogo wangu,

Salamu tele, sote tunakula na kulala vizuri. Barua yako nimewasomea wateja hadi imechanika.

Jana jioni nilikuwa nabishana na mteja wangu Masele bei ya mchele, filimbi ya bomani ikalia. Siku zote nasimama huku nawaza mboga. Jana niliitazama bendera hadi chini, nikasema, ndiyo hiyohiyo ya Sibwesa. Machozi yakanitoka, nisiweze hata kuyafuta.

Usirudi. Nafasi yako dukani nimempa mwanangu Rahim.

Dada yako anayekujivunia,
Mwanaiddi