Cheni Mpya ya Babu Yako

Mjukuu wangu Okello,

Barua yako imenikuta mzima, ila goti la kulia linanisumbua. Mama yako anakusalimu. Mahindi ya nyuma ya nyumba ameshayavuna. Nimefurahi kusikia pikipiki inakulisha huko Nakuru.

Unauliza kama cheni mpya peke yake itatosha, bila kubadilisha sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Nitakujibu kwa yaliyotupata enzi za utawala wa jeshi, babu yako akiwa polisi mwenye pikipiki, nasi tukiishi kambini Naguru. Maduka ya vipuri yalikuwa yamefungwa, na cheni aliitafuta miezi mitatu. Alipoipata, fundi wa Kisenyi alikataa kuifunga. Aliivuta ile ya zamani kwa nyuma, kuitoa kwenye sproketi, ikainuka mpaka tukaona nusu ya jino.

"Afande, meno haya yamechongoka. Yataila hiyo mpya. Ngoja upate na sproketi mpya."

Babu yako akacheka, akaenda kuifunga mwenyewe.

Wiki chache baadaye nikashikwa na uchungu wa kujifungua, akanipakia kwenye pikipiki kunipeleka hospitali. Tukiwa tunapanda kilima, cheni ikaruka, ikakatika. Nilimalizia njia kwa miguu nikiegemea bega lake, na mama yako akazaliwa mlangoni mwa hospitali.

Sikumlaumu. Lakini ile sproketi aliitundika ukutani, na mpaka anafariki, kabla ya kubishana na mtu aliitazama kwanza.

Ivute cheni yako leo, baba, kabla hujambeba mtoto wa watu.

Bibi yako,
Akello