Chumba cha Mama, Upande wa Jua

Kariakoo, Dar es Salaam

Kaka Hillary,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi Mektilda na watoto, na kwamba mvua za huko Kibosho hazijaharibu kahawa. Mimi mwili ni mzima. Ningekupigia simu, ila kila nikianza habari za mama sauti inakatika, nawe unabaki kuita, "Haloo, haloo."

Ulipoondoka hapa mwaka jana, mama alikuwa ameanza kupotea humu humu ndani. Alikuwa anasimama mlangoni mwa sebule, anakataa kukanyaga sakafu, ananiuliza haya maji yametoka wapi. Nilimgombeza nikidhani ni ukaidi, kumbe marumaru zinazong'aa ndizo alizoziona maji. Unajua kazi yangu ni kupamba ofisi za watu kule Posta. Nikaanza kuwasoma wataalamu waliochunguza nyumba za wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Wanasema mwanga wa asubuhi huwasaidia kulala usiku, na mlango wenye rangi kali hawaupotezi.

Basi nikampa chumba changu kinachotazama mtaani, upande wa jua la asubuhi, nikahamia chake, kile cha kutazamana na ukuta wa ghorofa la jirani. Nikatandika kapeti lisilong'aa, mlango wa choo nikaupaka rangi nyekundu. Kaka, mama alilala. Akaenda choo mwenyewe. Akawa anakaa dirishani akiwacheka wenye mikokoteni wanavyogombania njia. Nikamshukuru Mungu, nikaona nimeweza.

Wataalamu walisema pia picha za zamani hutuliza moyo. Nikatundika ile ya kipaimara, tuliyopiga sisi watatu. Mama akamwonyesha dada yetu Leticia kwa kidole, akauliza mbona haji. Nikamwambia taratibu kwamba dada alishafariki. Alilia kama msiba umeingia saa hiyo hiyo. Kesho yake akauliza tena, akalia vilevile. Siku iliyofuata sikuwa na nguvu ya kumzika dada mara nyingine. Nikasema, "Ameenda sokoni Mchikichini, mama, kuchagua nguo." Akatabasamu, akala.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini, mama akanishika mashavu akasema, "Leticia, mwanangu, umekawia." Nikamwambia mimi ni Evarista. Uso ukamsawijika, akaniachia mashavu. Nikasema, "Nimerudi, mama." Tangu hapo akimwita Leticia, mimi ndiye ninayeitika. Huyo Evarista, mama hajamuulizia hata siku moja. Nimetafuta kwa wale wataalamu wote; habari za chumba wamenifundisha, hili sijaona waliposema nilifanyeje.

Njoo, kaka. Wewe bado anakutaja. Njoo jina lako likiwa bado mdomoni mwake.

Nisalimie wifi na wote huko nyumbani wanaonikumbuka, uwabusu watoto.

Mdogo wako,
Evarista