Mama Amebandika Maji

Kwako dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za kitindamimba wenu, nikiwa nimekaa kwenye cherehani ileile inayopiga kelele kuliko inavyoshona. U hali gani? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, kazi zipo, na mama anakula akiamua kula.

Nikuambie habari za mboga zake. Bado anakwenda kuchuma kule nyuma ya ghala la zamani, na kikapu kilekile. Unakumbuka alivyokuwa akitutembeza? Mnavu wa kitoweo, mchunga wa tumbo lililochafuka, mwangani wa aliyetoka kujifungua. Wewe ulikuwa unameza kila neno. Mimi nilikuwa nafukuza panzi, ukanicheka kwamba nitakuja kula nyasi. Haya, cheka tena, maana sasa najuta.

Juzijuzi jirani yetu muuza mkaa alichungulia kikapu, akapiga yowe. Katikati ya mnavu mlikuwa na mnanaha, ule wa maua marefu meupe, sumu ambayo mama mwenyewe alitukataza hata kuigusa! Alipoulizwa, mama alisema hiyo ni mboga, tena nzuri. Mama yetu huyu, aliyekuwa akilijua jani kwa kulipapasa tu! Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.

Tangu hapo, akirudi namwaga alichochuma, naweka mchicha wa sokoni. Nilijiona mjanja kweli. Kumbe ulimi wake haujasahau kitu. Anaonja, anasukuma sahani, anauliza uchungu wa mboga yake umekwenda wapi. Nimejaribu kwenda kuchuma mwenyewe, nikasimama pale kama mgeni, kila jani naliona sawa na mwenzake, nikarudi mikono mitupu. Amekonda, dada. Pale juu nilipoandika kwamba anakula, niliona haya kukuambia.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kila jioni anabandika sufuria ya maji, anakaa kwenye kigoda, anatazama mlango. Nilimuuliza anamngoja nani. Akasema anakungoja wewe, alikutuma mnavu, na siku hizi unakawia mno kurudi. Hajui tena kwamba ulihama. Kwake wewe bado ni yule msichana wa magoti yenye vumbi, na uko hapo tu nyuma ya ghala. Nilitaka kumwambia ukweli, mdomo ukakataa. Nikamwambia nimekuona, umeshafika kwenye kona. Nimekuwa nikimwambia hivyo kila jioni, naye ananiamini, anaongeza maji yaliyopungua.

Nimekukumbuka, dada, jamani nimekukumbuka. Usitume dawa wala nguo. Njoo na hiyo mikono yako, uchume, ale, akiwa bado anakungoja.

Nisalimie shemeji, na wanao uwavute masikio kidogo kwa niaba ya mjomba wao. Mama angekusalimu, ila anasema hakuna haja, unaingia sasa hivi.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa nguo