Usiliruke Jina la Mdogo Wako

Barracas, Buenos Aires
Tarehe 12 Januari, 1948

Mpendwa mwanangu Ovidio,

Nakusalimu kwanza kabla sijasema lolote. U hali gani, baba? Kile kifua kimepona? Nasikia huko Medellín mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha inapotaka, na wewe tangu utotoni ukilowa tu unakohoa. Vaa ile fulana ya sufu chini ya shati hata kama wenzako watakucheka. Wao hawana mama yako.

Sisi hapa tunaamka, tunamshukuru Mungu. Baba yako Eliseo mzima, ila mgongo wake ndio ule ule. Anashinda uani na kibuyu chake cha chai ya mate akilitukana joto kama vile litamsikia. Shangazi yako Zulema mzima, anasema umletee picha yako ukiwa jukwaani akawaringie wenzake wa kanisani. Dada yako Nélida amejifungua salama mtoto wa kiume, mnono, masikio yako hasa, maskini. Shemeji yako Horacio mzima, anatembea kifua mbele kama kwamba yeye ndiye aliyezaa. Hata yule bibi wa chumba cha pili, aliyekuwa akigonga ukuta ukifanya mazoezi, anakusalimu sana. Anasema siku hizi kimya ndicho kinachomnyima usingizi.

Na Rufino anakusalimu. Rufino, mdogo wako. Jina lake nimeliandika mara mbili na kalamu haijavunjika.

Barua yako tuliipata, Nélida akaisoma kwa sauti mezani. Tulifurahi sana kusikia umekalishwa kiti cha kwanza kwenye safu ya bandoneoni, na kwamba kile kitambaa cha mahameli nilichokushonea cha kuweka magotini chini ya kinanda chako bado unacho. Lakini mwishoni, uliposalimu watu, ulimtaja baba, ukamtaja Zulema, ukamtaja Nélida na Horacio, ukamtaja hata paka. Kisha ukaandika "na huyo mdogo." Nilimwambia Nélida arudie, labda ameruka neno. Hakuruka. Rufino alikuwa anakula supu yake. Aliweka kijiko chini polepole, akasema ameshiba.

Kwa hiyo umbea umefika hata huko. Ninyi wanamuziki barua zenu zinapanda meli, lakini maneno yenu yana mabawa. Sasa acha na mimi nikueleze, maana najua uliyoyasikia hukuyasikia kwa mtu anayetupenda.

Maestro Lombardero alimchukua Rufino kwenye okestra yake mwezi wa Oktoba. Jumapili ya kwanza, kwenye ile klabu ya karibu na reli, wimbo uko katikati, bandoneoni zimefika pale zinapovuta pumzi, Rufino anasogea mbele aimbe, umeme ukakatika. Sasa umeme wa mtaa huu huujui? Unakatika hata padri akihubiri. Jumapili iliyofuata, alipotangazwa jina tu, besi kubwa, ile inayopigwa imesimamishwa, ikaanguka ikavunjika shingo. Halafu gari la okestra likafa njiani walipokuwa wakienda redioni, mpiga fidla akashuka kusukuma, akateleza, akavunjika mkono. Hapo Casal, yule mpiga piano, akasema, "Mmeona wenyewe. Kijana ana kisirani."

Ikawa basi. Wewe unaujua moto huo kuliko mimi. Mtu akiitwa mnuksi kwenu ninyi hata jina lake halitamkwi tena. Wanamwita "Fulani." Akipita mlangoni wanashika chuma kujikinga na nuksi. Lombardero alimwambia kwa upole apumzike kidogo, na mpaka leo anapumzika. Rufino alikwenda kwa mtu anayewatafutia waimbaji kazi, akamwambia yuko tayari hata kubadili jina kama waimbaji wengine wanavyofanya. Casal aliposikia alisema, "Basi abadili na sura."

Na sasa Kanivali hiyo inakuja. Unajua wiki ya Kanivali kila klabu inacheza, kila okestra inatafuta sauti ya ziada, hata anayekoroma anaitwa. Rufino hajaitwa na mtu. Baba yako anataka kumpeleka kiwanda cha nyama alikofanya kazi yeye, kwenye vile vyumba vya barafu. Koo lile, Ovidio, kwenye baridi ile! Nilimwambia baba yako hivyo, akanijibu, "Koo halina kazi siku hizi, Delfina." Nililia jikoni.

Alhamisi iliyopita nikasema hapana. Nilivaa gauni langu la misa, nikapanda tramu mpaka kwenye mkahawa wenu wa kona, pale mnapokaa mkingoja kuitwa kazini. Najua mwanamke haingii pale. Baba yako hajui, na wewe usije ukamwandikia. Ilikuwa mchana, meza zimejaa, fidla zimelala kwenye makasha yake, moshi mpaka darini. Casal alisimama kwa adabu.

"Karibu, Mama Ovidio! Mwanao hajambo?"

"Yupi? Mimi ninao wawili."

"Yule wa bandoneoni, mama."

"Huyo hajambo. Nimekuja kumuulizia Rufino. Rufino Marchetti. Hamkumwona leo?"

Loo! Ungekuwepo, mwanangu. Kila mtu alidaka chuma kilichokuwa karibu, huyu kijiko, yule funguo, mwingine kitasa cha mlango. Wasiopata chuma walijishika pale ambapo mama hawezi kumwandikia mwanawe. Benigno, yule mhudumu mzee wa Kihispania, alikuwa anapita na sinia limejaa glasi. Akaachia mkono mmoja ashike mguu wa meza. Glasi zote chini.

"Umeona, mama?" Casal akaniambia, amekuwa mweupe kama unga. "Kijana hatumchukii. Tunasema tunachokiona."

"Nimeona," nikamwambia. "Nimeona mtu mzima ameachia sinia. Rufino wangu yuko nyumbani anamenya viazi."

Wengine walicheka. Benigno mwenyewe alicheka huku akiokota vigae. Lakini hakuna aliyetoa mkono wake kwenye chuma, Ovidio, hakuna hata mmoja, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikiwa kwenye tramu nikaikumbuka ile besi. Horacio alikuwepo siku ile ukumbini, nilipofika nyumbani nikamuuliza, yule mwenye besi mkono wake ulikuwa wapi jina lilipotangazwa? Akafikiri, akasema, "Mfukoni, mama. Anatafuta ufunguo aushike." Maana tayari walikuwa wananong'ona tangu umeme ulipokatika. Mimi sikusoma sana, sitaki kugombana na imani ya watu, na bibi yako alikuwa na mambo yake ya jicho baya ambayo mpaka leo nayafanya. Lakini mtu akiiachia besi ni lazima ianguke, hata angeimba malaika.

Nilimweleza Rufino hayo nikidhani atafurahi. Aliniangalia tu kama mtu aliyesikia habari ya mji wa mbali.

Kwa sababu jambo lenyewe limeshaingia ndani yake, na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa baba wa ubatizo wa mtoto wa Nélida. Jumamosi Nélida alikuja naye, akamwelekezea. "Haya, nenda kwa mjomba wako akuone."

Rufino akaficha mikono nyuma. "Mlaze kitandani, nitamwona hapo hapo."

"Haumi, shemeji," Horacio akamtania. "Hana hata jino moja."

"Tafuteni mtu mwingine wa kumbeba kanisani," Rufino akasema. "Huyu mtoto hajanikosea kitu."

Akatoka uani. Nélida alibaki ameinua mtoto vile vile, hakuna wa kumpokea mbele yake. Tangu siku hiyo hata akinyoa ndevu haimbi. Unakumbuka alivyokuwa akinyoa? Mtaa mzima ulijua Rufino yuko kwenye kidevu au kwenye shavu. Sasa nasikia wembe tu.

Ubatizo ni Jumapili ya kwanza ya Februari. Nélida amekataa kutafuta mwingine. Ana kichwa kigumu, na mimi namwombea kiendelee kuwa kigumu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Siku ile nilipotoka mkahawani Benigno alinifuata mpaka kituo cha tramu, na aproni yake.

"Nisamehe, Mama Ovidio. Naogopa tu."

"Mama Rufino," nikamwambia.

Alijifuta mikono kwenye aproni. "Mama wa wote wawili," akasema.

Nikamuuliza kama bado barua za wanamuziki kutoka nje zinapitia kwake, na kama bado anasimama katikati ya meza mchana kuita majina. Akasema ndiyo. Nikamuuliza, je, jina likiwa lile? Alijikuna shingo mpaka nikaona tramu inakuja. "Jina likiandikwa kwenye bahasha, mama, sina budi. Nisipoliita barua itamfikiaje mwenyewe?"

Basi usiilete barua yako nyumbani. Ilete mkahawani. Nje andika kwa herufi kubwa jina lake lote, Rufino Marchetti, Benigno aliite mbele ya wote, na nyuma andika lako, wajue imetoka kwako, maana wewe wanakuheshimu na wanajua una kiti cha kwanza. Ndani mwandikie unachotaka. Mwambie habari za mvua. Mwambie ambebe mtoto. Nitamtuma mkahawani kila mchana kwa kisingizio cha kuulizia barua yako kwa ajili yangu, na atakwenda, maana mimi hajawahi kunikatalia kitu.

Sikulaumu kwa lile neno. Nimekuzaa, najua unavyogusa kitasa cha kasha la bandoneoni kabla ya kukaa kitini. Najua una kiti kipya na unakiogopea. Lakini wale wote ni watu wa nje, baba. Wewe na yeye mlilala kitanda kimoja, na surua ulimwambukiza wewe, na hakukushikia chuma.

Baba yako, Zulema, Nélida, Horacio na bibi wa ukutani wote wanakusalimu. Mtoto bado hana jina, lakini naye anakusalimu. Mungu akulinde usilowe, akupe sikio safi na wenzako wema, na akurudishe kwangu ukiwa mzima.

Nijibu haraka, kwa ndege kama inawezekana, Jumapili ile isije ikafika kabla ya barua. Na kama unaogopa, mwanangu, ushike ufunguo kwa mkono wa kushoto, mimi sitacheka. Ila wa kulia uandike: Rufino.

Ni mimi mama yako nikupendaye, na mama yake pia,

Delfina